Tiketi mbili za kuiona tamthilia kabla haijaruka hewani, na swali moja la kuuliza

Swali la msomaji:

"Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Leicester, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo, mara nyingi zamu ya usiku. Rafiki yangu ni mwanachama wa BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, pale London, na amebahatika kupata tiketi mbili za kuangalia sehemu ya kwanza ya tamthilia mpya ya BBC kabla haijaonyeshwa. Baada ya hapo waigizaji watakaa jukwaani kujibu maswali. Hadithi yenyewe inahusu ndugu wanaomuuguza mama yao. Sijawahi kwenda kwenye kitu kama hicho. Je, kuna maana ya kuomba ruhusa kazini na kulipa nauli ya treni kwa kitu ambacho baada ya wiki mbili tatu nitakiona sebuleni kwangu? Na nikienda natamani kuuliza swali, ila naogopa kujiaibisha kwa Kiingereza changu mbele ya watu wote wale. Niulize nini? Na kupiga picha je?"

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Nenda. Ruhusa iombe mapema, na mwenzako wa zamu umwahidi kumlipa siku yake.

Ila usiende kwa sababu ile inayowapeleka wengi, yaani kuwa wa kwanza kuona. Hiyo sifa haidumu: wiki mbili tatu zikipita, kila mtu mtaani kwenu atakuwa ameiona, na hakuna atakayekuuliza wewe uliiona lini. Kinachostahili nauli ni kitu ambacho sebuleni hutakipata hata ununue runinga ya kuziba ukuta mzima. Unaiona kazi ile katikati ya mamia ya watu, na walioitengeneza wamo humohumo ukumbini, wametega sikio.

Fikiria kazi yao ilivyo. Mwigizaji wa jukwaani akiboronga usiku huu, anajua usiku huuhuu. Watu wanakohoa, viti vinalia. Mwigizaji wa runinga hana bahati hiyo. Amesema maneno yake alfajiri kwenye chumba kilichojaa nyaya na taa, mbele ya mafundi waliokatazwa kucheka kwa sababu kicheko chao kingeingia kwenye sauti. Kisha akavua maleba akaenda zake. Mwandishi aliandika mstari ule labda miaka miwili nyuma. Mhariri ameuona mara nyingi hadi haumchekeshi tena wala haumlizi. Watu wote hao wanafika kwenye onyesho la awali bila kujua kama kitu chao kinafanya kazi kwa mtu asiyewajua. Usiku huo ndio wanapata jibu, na mmoja wa wanaowajibu ni wewe, kabla hata hujanyoosha mkono.

Basi usikilize ukumbi. Hadithi ya ndugu na mama mgonjwa ina vicheko ambavyo mtu akiwa peke yake hajiruhusu kuvitoa, anaona kama dhambi. Ukumbini mmoja akianza, wote wamo. Utasikia na vimya pia, na utashangaa jinsi ilivyo rahisi kutofautisha kimya cha watu waliochoka na kimya cha watu waliosahau kupumua. Kwetu mambo ni wazi zaidi. Pale Ngome Kongwe, Unguja, wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, onyesho ni la wazi chini ya nyota, na mtazamaji akiudhiwa na mhusika anamjibu papo hapo kwa sauti, na jirani yake anamuunga mkono. London usijaribu hivyo. Ukigutuka, guna, inatosha.

Jambo jingine ni ukubwa wa sura. Tamthilia ya runinga hupigwa kwa kuwasogelea watu karibu mno, maana imekusudiwa kioo kidogo. Ukiipeleka kwenye pazia la sinema, uso wa mtu unakuwa mrefu kuliko mlango wa nyumba. Utaona jasho juu ya mdomo. Utaona jicho linalotaka kulia likajizuia. Utaona pia mahali poda ilipoishia shingoni, na wala si kosa la mpambaji, yeye hakuhesabu pazia lile. Kwa waigizaji wengine hiyo ni mara ya kwanza kujiona wakubwa kiasi hicho, na wapo wanaoshindwa kabisa kutazama. Hukaa nje wakanywa maji na kuingia mwishoni. Kwa hiyo usimshangae mtu ukimwona anaingia kwa mlango wa pembeni taa zinapowashwa.

Kuhusu jumba lenyewe, nikupe kidogo usiingie kama mgeni. BFI ilianzishwa mwaka 1933. Jumba lake la maonyesho lilitokana na sinema iliyojengwa kwa ajili ya tamasha la taifa la mwaka 1951 pale kando ya mto Thames, likahamia chini ya daraja la Waterloo mwaka 1957, na mpaka leo lipo hapo, magari yakipita juu yake. Zamani liliitwa National Film Theatre. Mwaka 2007 likapewa jina la BFI Southbank, lakini kumbi za ndani zimebaki na herufi za zamani, NFT1, NFT2 na kuendelea, kwa hiyo tiketi ikiandikwa NFT1 usidhani umetumiwa ya jumba jingine. Huo ndio ukumbi mkubwa, wa viti kama 450.

Na runinga pale inaheshimiwa kuliko ilivyoheshimiwa na wenyewe. Miaka ya 1960 na ya 1970 BBC ilikuwa inafuta mikanda ya vipindi vyake ili itumike tena, maana nani angetaka kuona tamthilia mara ya pili? Vingi vilipotea moja kwa moja. Tangu 1993 BFI ina utaratibu wa kuonyesha vile vilivyookotwa, kimoja kwa mtu aliyejirekodia nyumbani, kingine kwenye ghala la kituo cha nchi ya mbali. Ninakitaja kwa sababu kinaeleza aina ya watu watakaokaa jirani yako: watu ambao wanaona kipindi cha runinga ni kitu cha kuvalia koti na kutokea. Usiwaogope, wana moyo mzuri, ila wanakumbuka kila kitu.

Utaratibu wa jioni ni mfupi. Mtu mmoja atapanda jukwaani kukaribisha, taa zitazimwa, sehemu ya kwanza itaonyeshwa, na kwa tamthilia ya BBC ya saa moja hiyo ni karibu saa nzima kwa kuwa hakuna matangazo. Halafu viti vinapangwa, wageni wanaitwa. Kinachoweza kukushangaza ni kuona kazi isiyokamilika. Mara nyingine nakala inayoonyeshwa bado haijasawazishwa rangi, au muziki ni wa muda tu, umewekwa kushikilia nafasi, au dirisha la gari lina rangi ya kijani mahali panapotakiwa kuwa na barabara. Wakitangaza hivyo mwanzoni, wasamehe na uendelee. Tena hiyo ni bahati, maana utakapoiona nyumbani utajua nini kimebadilika, na pengine utagundua kuwa muziki wa muda ndio uliokuwa mzuri.

Sasa tuje kwenye maswali, ndiko wengi wanakoharibu.

Piga hesabu. Jukwaani kuna watu watano: mwandishi, mwongozaji, mtayarishaji, waigizaji wawili. Kikao ni kama nusu saa. Anayeongoza mazungumzo ana maswali yake, na atatumia dakika ishirini. Zinabaki kumi. Mwandishi mwenye maneno mengi akijibu swali moja, dakika tatu zimekwenda. Kwa hiyo ukumbi mzima wa watu mia nne na ushee unapata maswali matatu, manne, matano wakibahatika sana. Hapa pana siri ndogo: swali la kwanza linapoitwa, watu huona haya. Kuna sekunde chache mikono haijanyooshwa, kila mtu anamsubiri mwenzake. Hizo ndizo sekunde zako. Nyoosha mkono wote, wima, uutulize, na umtazame mhudumu mwenye maiki, maana mara nyingi yeye ndiye anayeamua nani amfikie haraka. Ukisubiri swali la pili, mikono itakuwa msitu.

Kisha ujue nani anajua nini. Watu humuuliza mwigizaji kwa nini mhusika alimficha dada yake barua, na mwigizaji anajiumauma, kwa sababu hakuamua yeye. Hilo ni la mwandishi. Kwa nini tuliona mkono kabla ya kuona uso? Muulize mwongozaji. Kwa nini sehemu ni nne na siyo sita? Mtayarishaji, na jibu huwa ni fedha hata akilipamba. Mwigizaji muulize lililopita mwilini mwake: alivyosimama, alivyonyamaza, alivyomtazama mwenzake. Kumbuka pia kuwa huenda alimaliza kurekodi miezi minane iliyopita na tangu hapo ameshaigiza mtu mwingine kabisa. Tena matukio hayakurekodiwa kwa mfuatano. Mazishi yanaweza kurekodiwa Jumatatu na harusi Alhamisi. Ukimpa tukio kwa jina, "pale jikoni usiku, mlipokuwa mnagombania funguo," unamrudisha mahali. Ukimwambia "kwa ujumla ulimwonaje mhusika wako," unampeleka kwenye majibu aliyoyakariri kwa ajili ya magazeti.

Mwandishi naye hupenda maswali ya kawaida kabisa kuliko watu wanavyodhani. Chukua tamthilia ya Happy Valley, aliyoiandika Sally Wainwright. Awamu ya pili ilionyeshwa mwaka 2016, ya tatu ikaanza Januari 2023. Mtu akiuliza tu "mbona mlikaa kimya muda wote huo?" anaonekana hana la maana. Kumbe jibu ndilo moyo wa hadithi: mwandishi alimsubiri mtoto anayeigiza mjukuu wa mhusika mkuu akue, ili awe na umri wa kuanza kujiamulia kama atamtafuta baba yake muuaji. Swali fupi lilitosha kufungua mlango mzima wa namna tamthilia ile ilivyofikiriwa.

Nikuoneshe jingine kwa karibu. Mwaka 2025 Netflix ilionyesha Adolescence, tamthilia ya Kiingereza ya sehemu nne, na kila sehemu ilirekodiwa kwa mpigo mmoja, kamera haikatwi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sehemu ya tatu karibu yote ni chumba kimoja: kijana mtuhumiwa, aliyeigizwa na Owen Cooper, na mwanasaikolojia, aliyeigizwa na Erin Doherty. Katikati ya mazungumzo kijana anapiga mwayo. Mwanasaikolojia anamuuliza kama anamchosha, na kijana anatabasamu kidogo. Mwayo ule haukuwa kwenye muswada. Kijana alichoka kweli, ndiyo kazi yake ya kwanza mbele ya kamera, na sehemu hiyo ndiyo waliyoanza kuirekodi. Doherty angeweza kuupuuza. Akaudaka, akamrudishia, na kamera ikaendelea kukimbia. Sasa fikiria uko ukumbini unawauliza hao wawili. Ukisema "ilikuwaje kufanya kazi pamoja?" watakujibu ilikuwa nzuri sana, wanaheshimiana sana, asante. Ukisema "ule mwayo ulikuwa wa kweli?" umewafungulia dakika tano za hadithi ambayo hakuna mtu angeweza kuibuni.

Kwa hiyo kazi yako wakati wa kuangalia ni moja: tafuta kitu kidogo ulichokiona kwa macho yako ambacho hukukielewa, au kilichokugusa bila kujua kwa nini. Nimewahi kuongoza mazungumzo ya namna hii, na swali ninalolikumbuka zaidi liliulizwa na mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa: "Mbona humu ndani kila mtu anamiminiwa chai na hakuna anayeimaliza?" Ukumbi ulicheka. Mwongozaji akacheka pia, halafu akaeleza kuwa tukio moja hurudiwa mara kumi, na kila mara kikombe lazima kiwe na chai kiasi kilekile wakati wa neno lilelile, la sivyo mhariri akiunganisha, kikombe kinajaa na kupungua chenyewe. Ndiyo maana waigizaji wazoefu hugusa chai kwa midomo tu, na wazoefu zaidi huomba mhusika wao asiwe na njaa wala kiu. Akamtaja yule anayekaa pembeni na daftari, kazi yake kuandika mkono gani ulishika kikombe na mvuke ulikuwa umebaki kiasi gani. Watu wengi walikuwa hawajui kama kazi hiyo ipo. Mzee yule hakutaja dhamira wala falsafa, alitaja chai.

Na wewe dada, una kitu ambacho wakosoaji wa magazeti hawana. Tamthilia ni ya kuuguza mtu. Unakwenda kuangalia watu wakiigiza kazi yako. Wewe ndiye utakayeona kama breki ya kiti cha magurudumu ilifungwa. Wewe ndiye utakayejua kama mtu amewahi kumgeuza mzee kitandani au anaigiza kumgeuza. Tuseme kaka mkubwa anamwinua mama kutoka kwenye kiti kwa kumshika chini ya makwapa. Wengine ukumbini wataona upendo. Wewe utaona jambo mnalokatazwa siku ya kwanza ya mafunzo, kwa sababu linaumiza bega la mgonjwa na mgongo wa anayemwinua. Hapo una swali la dhahabu: "Mimi ninahudumia wazee. Pale sebuleni kaka alimwinua mama kwa makwapa, na sisi kazini tumekatazwa kuinua hivyo. Mlimwacha akosee makusudi, kwa kuwa hakufundishwa na mtu?" Yakitokea hayo, jibu lolote lina faida. Pengine walikuwa na mshauri wa uuguzi na wakaamua kosa libaki, kwa kuwa familia nyingi huinua hivyohivyo. Pengine hakuna aliyegundua, na utawaona wanatazamana. Lakini usilitoe kama shtaka. Hukwenda kukagua, umekwenda kuuliza, na sauti ya kuuliza inajulikana.

Kuna tabia yetu moja lazima niitaje, na ninaitaja kwa mapenzi. Sisi tumelelewa na mikutano. Tukipewa maiki tunaanza kwa jina, tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, tunawapongeza waandaaji, tunampongeza aliyetangulia kuongea, halafu tunasema, "Mimi sina swali, ila nina mchango." Kijijini kwetu huo ndio utu. Jukwaani pale, mchango wako ukifika nusu, mwongoza mazungumzo ataanza kukutazama kwa jicho la "swali liko wapi," na ukumbi utaanza kunong'ona. Pongezi ni nzuri, zipeleke kwa makofi. Ukishika maiki, sentensi moja ya kuonyesha tukio, sentensi moja ya kuuliza, basi. Usiulize maswali mawili kwa pamoja, maana watajibu la pili na kulisahau la kwanza. Usiombe kazi wala usimtangazie muswada wa mpwa wako. Na usiulize kama fulani atakufa: wote wale wamefungwa na mikataba, watatabasamu tu, na nafasi ya ukumbi imepotea.

Kuhusu Kiingereza chako, sikiliza. Kinachowashinda watu kuelewa ukumbini si lafudhi, ni mwendo na umbali wa maiki. Mtu mwenye hofu huongea mbio na kuishusha maiki kifuani, na hapo hata mzaliwa wa London hasikiki. Iweke karibu na kidevu, ongea kama unavyoongea na mzee asiyesikia vizuri, jambo unalolifanya kila usiku kazini. Swali liandike kwenye karatasi kabla waigizaji hawajapanda jukwaani. Karatasi, siyo simu, kwa sababu mwanga wa simu gizani unaudhi, na wahudumu wakiona kioo kinawaka wakati wa onyesho wanaweza kudhani unarekodi. Ukimaliza kuuliza, achia maiki na ukae. Usisubiri kuongeza neno, wataichukua. Na wewe umeishi Uingereza, unafanya kazi na Waingereza, wazee wao wanakuelewa saa nane za usiku wakiwa nusu usingizini. Waigizaji watakuelewa saa mbili.

Picha: wakati wa onyesho, hapana kabisa, hata sekunde tatu za kumtumia dada yako Tanga. Utatolewa, na mwenye tiketi, yaani rafiki yako mwanachama, ndiye atakayebeba lawama. Wakati wa mazungumzo hutegemea usiku wenyewe. Mara nyingi hutangazwa mwanzoni kama inaruhusiwa. Wasipotangaza, muulize mhudumu mlangoni. Wakiruhusu, piga moja au mbili bila mwanga wa kamera, kisha weka simu mfukoni. Nimeona watu waliorekodi kikao kizima kwa mkono ulioinuliwa na kuondoka bila kukumbuka hata jibu moja.

Siri ni jambo zito zaidi ya picha. Hutawekewa mkataba kama waandishi wa habari, lakini utaombwa usimwage uhondo, na ombi hilo lichukulie kama ahadi. Mwaka 2011 Steven Moffat, aliyekuwa akiiongoza tamthilia ya BBC ya Doctor Who, alilalamika hadharani kuhusu shabiki aliyehudhuria onyesho la awali la sehemu mbili za kwanza za msimu na kisha kumwaga mkasa mzima mtandaoni kabla haujaonyeshwa. Uchungu wake haukuwa wa biashara tu. Mwandishi anapanga mshangao kama mtu anayepanga meza, na mgeni mmoja anaingia jikoni kufunua masufuria yote. Kwenye kundi la familia la WhatsApp sema umeona, sema umelia au umecheka, mtaje mwigizaji aliyekukosha. Mkasa uache. Ndugu wa Tanga wataelewa, na wasipoelewa watakukasirikia wiki mbili tu.

Halafu kuna suala la heshima kwa walioko jukwaani, kwa sababu msongamano wa mapenzi huwafanya watu kusahau. Desemba 2013, hapohapo BFI Southbank, tamthilia ya Sherlock ilionyeshwa kabla ya msimu wake wa tatu kuanza. Kwenye mazungumzo, aliyeongoza aliwapa Benedict Cumberbatch na Martin Freeman wasome kwa sauti hadithi ya mapenzi kuhusu wahusika wao, iliyoandikwa na shabiki na kuwekwa mtandaoni. Ilikusudiwa kuchekesha. Haikuchekesha: waigizaji waliona aibu, na mwandishi wa hadithi ile hakuwa ameombwa ruhusa. Mashabiki walikasirika, na nadhani walikuwa na haki. Ninakutajia ili ujue kuwa hata anayeshika usukani anaweza kupotea njia, na kwamba ukumbi una macho. Mtu akimuuliza mwigizaji wa kike kuhusu mwili wake au ndoa yake, utasikia mguno wa watu mia nne, na mguno huo hauna lugha.

Baada ya kikao waigizaji hupitishwa mlango wa nyuma, na wengine hutokeza kwenye baa ya chini kunywa kidogo na wenzao. Ukimwona mtu amesimama peke yake, neno moja la shukrani halikatazwi. Akiwa na familia yake, mpite kama hukumwona.

Kwa wasomaji wengine mnaosoma hapa bila rafiki mwenye uanachama: tiketi za maonyesho haya huuzwa kwanza kwa wanachama, kisha kwa watu wote, na zile zinazotarajiwa kujaa sana wakati mwingine hugawiwa kwa bahati nasibu. Vijana wa miaka 16 hadi 25 wana tiketi zao za bei ndogo. Na msikate tamaa mkiona "zimekwisha." Safu nzima huwa imeshikiliwa kwa ajili ya wageni wa watengenezaji, na wageni hao hawafiki wote, kwa hiyo siku yenyewe viti vinavyorudishwa huuzwa. Anayekaa London anaweza kujaribu bahati mlangoni. Anayetoka Leicester asithubutu.

Na kwa kuwa wewe unatoka Leicester, neno la mwisho ni la treni. Yako inaondokea St Pancras, siyo Waterloo, na kati ya hapo na jumba lile weka nusu saa nzima, zaidi ukiwa hujui njia za chini ya ardhi. Tazama saa ya treni ya mwisho kabla hujanunua tiketi ya kurudi, maana vikao hivi vikinoga huzidi muda. Rafiki yako akiulizwa mapema kuhusu viti, aombe vya pembeni mwa njia: maiki inafika upesi, na ukilazimika kutoka kabla ya mwisho, humkanyagi mtu.